Ngemi za Bwawa la Kihara

Nimeitwa majina mengi maishani, na mengine niliyastahili. Lakini jina la mwizi wa nduma sikulistahili hata kidogo, na yeyote aliyeniita hivyo mwaka wa hamsini na sita, kama bado anapumua, asome hapa polepole.

Tulikuwa tukiishi katika shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, shamba la Mzungu ambaye sote tulimwita Kihara kwa sababu ya kipara chake. Wanawake tulichuma kahawa. Chini ya kahawa palikuwa na bwawa ambalo Kihara alilichimba apate maji ya kuoshea buni, na chini ya ukingo wa bwawa palikuwa na tope jeusi ambalo hakuwa na kazi nalo. Tope hilo tuligawana sisi wanawake, kila mmoja kipande chake, tukapanda nduma. Asiyejua nduma namhurumia. Ni kiazi kinachopenda maji, chenye majani mapana kuliko sinia, na ukikila asubuhi na chai ya rangi unaweza kuchuma kahawa mpaka alasiri bila kukumbuka tumbo.

Mume hana neno kwenye nduma. Ng'ombe ni wake, mbuzi ni wake, hata kuku akitaka atasema ni wake, lakini nduma ni za mwanamke. Ndiyo maana mwizi wa nduma hana mtetezi. Wanaume humdharau na wanawake humchukia.

Basi mvua ndefu zilipokwisha, nduma zikaanza kukatwa. Unafika asubuhi, unakuta mashina yamekatwa safi kama kwa panga, majani yamelala kwenye maji, na kiazi kimekwenda. Leo kipande cha huyu, kesho cha yule. Vipande vyote viliguswa isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa changu.

Aliyeliona hilo wa kwanza ni Gathoni. Gathoni alikuwa ndiye mkubwa wetu sisi wachumaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Gichuru, na Gichuru alikuwa karani Nairobi. Tulijua ni karani kwa sababu Gathoni alitwambia kila siku. Ofisi yenye ngazi, alisema. Ofisi yenye milango ya vioo. Ukimwomba Gathoni chumvi alikupa chumvi pamoja na ngazi na vioo.

“Mama Warigia,” akaniita mbele ya wote, kwa jina la binti yangu ingawa mimi ni Ngendo, “hebu tuambie wewe. Huyu mwizi anakuogopa kwa nini?”

“Kipande yangu iko karibu na pampu,” nikasema. “Mbwa ya Mbaluka inalala hapo. Mwizi gani atapita kwa mbwa?”

“Mwizi mwenye mbwa inamjua.”

Wanawake wakaguna. Lilikuwa jibu zuri, siwezi kukataa. Mbaluka alikuwa Mkamba kutoka ng'ambo ya Gatuanyaga, mlinzi wa pampu na bwawa, na mbwa wake wawili niliwatupia makoko ya ugali kila jioni. Kweli walinijua. Wangemla mtu mwingine yeyote, lakini mimi walinitikisia mkia.

Zamani shauri kama lile lingekwisha kwa kiapo cha thenge, beberu anavunjwa mifupa kwa mawe, na mwongo anaogopa kwa sababu anajua atavunjika vilevile. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari na serikali ilikuwa imekataza kila kitu kinachofanana na kiapo. Kwa hiyo shauri likaenda kwa Ephantus, nyapara wetu, mtu wa kanisa aliyependa mikutano kuliko chakula. Akasema tutaketi Jumapili baada ya ibada, kwenye vitanda vya kuanikia kahawa, na akipatikana mwenye kosa ataondoka shambani yeye na vyombo vyake.

Mimi nisingeweza kuondoka. Mume wangu alikuwa kizuizini Manyani, mwaka wa tatu. Kule reserve, kwenye ardhi ya ukoo, ndugu zake walikuwa wameshagawana kipande chake cha shamba, na mimi hawakunitaka hata kwa macho. Mahali pekee ambapo angekuja kunitafuta siku akiachiliwa palikuwa pale, kwenye laini za Kihara, zile nyumba za vibarua, chumba cha pili kutoka bombani. Nikifukuzwa, angefika akute mlango una mtu mwingine, na angeambiwa mke wako alikuwa mwizi wa nduma. Sikuogopa njaa. Niliogopa aambiwe hivyo.

Nikaamua kumkamata mwizi mwenyewe.

Shida ilikuwa kengele. Saa kumi na mbili kengele ya shamba ililia, na baada ya hapo mtu akionekana nje ya laini alikuwa na kesi kubwa kuliko nduma. Mlinzi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutembea. Nikaenda kwa Mbaluka nikamwomba.

“Mimi sijakuona, mama,” akasema, akitazama upande mwingine. “Lakini ukishikwa, mimi hata jina yako sijui.”

Nikajilaza kwenye matete juu ya ukingo, tumbo kwenye tope, shuka kichwani. Kengele ikalia. Mwanga ulikuwa bado, ule wa mwisho wa rangi ya chai. Na maji yakapasuka.

Kilitoka kichwa. Nilifikiri ni panya, kisha kikafuata kiwiliwili, na hakuna panya mwenye mwili ule hata akila akashiba miaka kumi. Alikuwa na ukubwa wa mbwa mdogo. Ndevu zake nyeupe. Akakamata shina la nduma, la Gathoni mwenyewe, akalikata mara moja, na alipofungua kinywa niliona meno yake ya mbele: marefu, ya rangi ya karoti. Mkia ulimfuata ndani ya maji, mviringo kama kamba ya kufungia mbuzi.

Nilifurahi nusura nipige kelele. Mwizi wangu ndiye huyo! Lakini hayo hayakuwa yote. Aliporudi katikati ya maji, watoto walimfuata, wanne au watano, wakampanda ubavuni na kubana vichwa vyao karibu na uti wa mgongo wake. Naye akawa anaelea taratibu tu. Nimekamua mbuzi tangu nikiwa na meno ya utoto. Najua mtoto anayenyonya anavyosukuma kwa kichwa. Wale walikuwa wananyonya, na walikuwa wananyonya mgongoni.

Kesho yake, kwenye mistari ya kahawa, nikasimulia. Hapo ndipo nilipokosea, ikiwa kusema kweli ni kosa. Walisikiliza habari ya panya mkubwa. Walisikiliza habari ya meno. Ningekomea hapo pengine wangeamini nusu. Lakini nilikuwa nimeona nilichokiona, nami si mtu wa kukata mkia wa hadithi ili iingie kwenye kikapu cha mwingine. Nikawaambia na habari ya mgongo.

Kicheko kilianza mwanzo wa mstari kikafika mwisho.

“Mama Warigia ameona mbuzi yenye chuchu kwa mapembe!”

“Na mvua ikinyesha, maziwa inachanganyika?”

“Ngai! Mtu akikosa uongo ya kutosha si anyamaze?”

Kufikia jioni nilikuwa nimepewa jina jipya. Mama Mgongo. Hata watoto wa laini walilijua.

Siku ya Alhamisi Mbaluka akamnasa mmoja kwa mtego wa waya, mfu, amelala kwenye tope. Nilikimbia na debe langu la kahawa kichwani, sikulitua hata. Nilijua sasa nimeokoka. Wanawake wote wakaja wakasimama mbali kidogo, maana mwanamke wa Kikuyu hamgusi panya, awe mkubwa awe mdogo. Gathoni akachukua kijiti akamgeuza chali.

“Haya,” akasema. “Tutafute hizo chuchu.”

Tumbo lilikuwa laini, manyoya mazito yamelala sawasawa kutoka shingoni hadi mkiani. Hapakuwa na chuchu hata moja. Sehemu nyingine zilifichwa na manyoya, na hakuna mama wa heshima aliyetaka kuchunguza zaidi ya hapo. Kila mtu alitazama pale tulipozoea kutazama, kwenye tumbo, pale zilipo za mbuzi na mbwa na nguruwe. Hata mimi nilitazama pale. Hasira yangu na hofu yangu vilinifanya mjinga kama wengine.

“Ni dume,” Gathoni akatangaza. Kisha akarudisha kichwa nyuma akapiga ngemi.

Lazima nieleze. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake walio mlangoni hupiga ngemi, ule mlio wa furaha wa ulimi. Akiwa wa kiume ni tano, akiwa wa kike ni tatu, na mtu aliye mbali shambani akihesabu anajua nyumba imepata nini. Gathoni alipiga tano. Tano kwa panya mfu, akinitazama mimi, na wanawake wakashika magoti kwa kucheka. Nilibeba debe langu nikarudi kwenye kahawa. Machozi yalinitoka nikasema ni jasho.

Na siku iliyofuata ikawa mbaya zaidi, kwa sababu nduma zilikatwa tena.

“Basi nimeuliza tu,” Gathoni akasema, mikono kiunoni. “Panya ilikuwa moja, dume, haina bibi wala mtoto. Ilikufa jana. Usiku imefufuka?”

Kama yule alikuwa dume la peke yake, mwizi alikuwa bado hai, na mwizi alikuwa mimi. Kama alikuwa jike mwenye watoto, basi palikuwa na ukoo mzima bwawani. Shauri langu lote lilikuwa limening'inia kwenye chuchu za panya. Usiku huo nilianza hata kuyatilia shaka macho yangu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma kuliko jina la Mama Mgongo. Nikafunga vyombo vyangu kwenye gunia, kisha nikavifungua tena kwa hasira.

Jumapili ikafika. Tulitoka kanisani tukaketi kando ya vitanda vya kahawa, wanaume kwenye mawe, wanawake kwenye magunia. Ephantus alivaa tai. Gathoni naye alifika na Gichuru, aliyekuwa ameshuka kwa treni Ruiru jioni iliyotangulia, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Hakuletwa kwa ajili ya shauri langu. Aliletwa aonekane.

Ephantus akanipa nafasi ya kusema. Nikasimama. Nilikuwa nimefikiria usiku mzima kuacha ile habari ya mgongo, niseme tu kuna panya wengi, basi. Lakini nilipowaona wanawake wameshaziba midomo kwa leso, tayari kucheka, moto ukanipanda. Nikasema yote. Nikasema watoto wanyonyao, nikasema mgongoni, nikasema nimeona kwa macho haya mawili na atakayecheka acheke mpaka meno yakauke.

Wakacheka, bila shaka. Ephantus mwenyewe alijikohoza kwenye Biblia yake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Gichuru alikuwa ameinuka kutoka kwenye jiwe lake.

“Mama Warigia,” akasema, “tafadhali, rudia hapo kwa mgongo.”

“Unanicheka na wewe?”

“Hapana, mama. Walikuwa wananyonya wapi haswa? Juu kabisa ama kwa mbavu?”

Nikajigusa mwilini mwangu mwenyewe kumwonyesha, pale kando ya uti. Akapumua kwa nguvu.

“Na meno?”

“Kama karoti.”

“Nani aliona mguu ya nyuma?”

“Mimi,” akasema Mbaluka kutoka nyuma. “Vidole imeshikana na ngozi, kama ya bata. Lakini ile ya nje iko huru.”

“Moja tu huru?”

“Moja tu.”

Gichuru akamgeukia Ephantus. “Nyapara, hii si ndezi. Ndezi haina mguu ya bata. Na si fisi maji, fisi maji inakula kaa na samaki, haiwezi kugusa nduma. Naomba shauri isikatwe bado.”

Ephantus hakupenda kuambiwa afanye nini kwenye mkutano wake. “Kijana,” akasema, “wewe ni karani. Karani anajuaje mambo ya panya?”

Hapo Gichuru akamtazama mama yake. Mimi nilikuwa karibu, nilimwona Gathoni akitikisa kichwa kidogo sana, macho yakimsihi. Sikuelewa anasihi nini. Yule kijana alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Kama angekaa chini, mimi ningekuwa njiani kwenda nisikokujua kabla ya kengele ya jioni. Alijua. Nami nilijua kwamba anajua.

“Mimi si karani,” akasema. “Nafanya kazi kwa jumba la makumbusho. Kazi yangu ni kuchuna panya.”

Wanawake walishusha leso midomoni.

“Panya, popo, fuko, kila kitu ndogo,” akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imepata nguvu. “Ikiletwa, mimi naichuna, nasafisha fuvu, najaza pamba. Nafunga karatasi kwa mguu: imetoka wapi, nani aliiona. Ndiyo kazi yangu tangu nitoke shule, na naijua.”

Gathoni alivuta leso akafunika uso wote. Ngazi zake na vioo vyake vilikuwa vimeanguka kwa pamoja. Kama ningekuwa mtu mwema ningemhurumia wakati huo huo. Nilimhurumia baadaye.

Gichuru akaeleza. Mwaka uliopita Mzungu mmoja wa upande wa Thika aliwaletea mnyama mfu kama huyu. Alikuwa akiwafuga kwenye vizimba kwa ajili ya manyoya yao, wanawake wa Ulaya huvaa makoti yake, na bila shaka wengine walimtoroka. Wametoka Amerika Kusini, mbali sana, kwenye mito na vinamasi vya huko, na jina lao ni koipu. Ni jamaa ya panya lakini makao yake ni maji.

“Ile tuliletewa ilikuwa dume,” akasema. “Bwana mkubwa wangu akaniambia, Gichuru, siku utapata jike, utaona ajabu. Chuchu yake iko juu, karibu na mgongo, ndio watoto wanyonye mama akiogelea. Mimi nikafikiria ananifanyia mzaha. Sikuamini mpaka leo, Mama Warigia.” Akamwita Mbaluka. “Mzee, ile mzoga iko wapi?”

Mbaluka akajikuna shingo. “Nyama nilikula,” akasema. “Ilikuwa tamu kama kuku.”

Wanawake wakatema mate wote kwa mara moja.

“Na ngozi?”

“Ngozi iko.”

Akaenda akairudisha, bado imewambwa kwenye fremu ya fito kama Wakamba wanavyowamba, vigingi pembeni, kavu na ngumu. Alikuwa ameipasua katikati ya tumbo, kama ngozi zote zinavyopasuliwa. Gichuru akailaza juu ya kitanda cha kahawa, manyoya juu, akatuita tusogee.

“Tumbo iko huku,” akaonyesha ukingo mmoja, “na huku. Hapa katikati ni uti wa mgongo. Mama Warigia, wewe unakamua mbuzi?”

“Kila siku.”

“Basi sitatafuta mimi. Weka vidole.”

Mimi mwanamke wa Kikuyu, nikaweka mkono wangu juu ya ngozi ya panya mbele ya shamba zima. Manyoya ya juu yalikuwa makali na ya chini laini kuliko chochote nilichowahi kugusa. Nikapeleka vidole polepole kutoka mabegani, kando ya uti. Hakuna kitu. Nikasogea upana wa kidole. Hakuna kitu. Nilisikia mtu akianza kucheka puani. Kisha kidole changu kikagonga kitu kidogo kigumu, na kidole cha mwanamke aliyekamua mbuzi maisha yake yote hakidanganywi.

“Hii hapa,” nikasema.

Nikatenganisha manyoya. Chuchu ilikuwa pale, imekauka, nyeusi, ndefu, yenye alama ya kunyonywa. Nikashuka chini yake nikapata nyingine. Nikapata nyingine tena. Nikahamia upande wa pili wa uti nikazikuta nyingine, moja baada ya moja, zimepangana mbili mbili. Kila nilipopata moja nilisema kwa sauti, “Na hii hapa!” na kila niliposema niliuinua uso nikamtazama mtu mmoja aliyenicheka. Nilianza na Ephantus. Sikumruka mtu.

“Jike,” Gichuru akasema. “Na amenyonyesha juzi. Watoto yake iko ndani ya bwawa, na wenzake pia. Hizi ndizo zinakula nduma.”

“Na zangu?” nikauliza, maana nilitaka lisikike. “Mbona zangu hazikuliwa?”

“Ziko karibu na mbwa,” akasema. “Hii mnyama inaogopa mbwa.”

Ephantus akasimama haraka kabla mtu mwingine hajatangaza hukumu yake. Akasema mkutano umeona kwamba Mama Warigia hana kosa, hakuwa na kosa, na kwamba yeye binafsi alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Tulimwacha aseme. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia bondeni.

Tulishuka wote, jua bado liko juu. Mbaluka akatangulia na mbwa wake, na mbwa wakaenda moja kwa moja wakaanza kufukua kwenye ukingo. Palikuwa na shimo, mlango wake nusu ndani ya maji, umefichwa na majani ya nduma. Kilikuwa kipande cha Gathoni. Wezi walikuwa wamelala chini ya nduma zake mwenyewe tangu masika. Mbwa walipobweka, maji yakapasuka na wakatoka mmoja baada ya mwingine, wakubwa wawili na watoto nyuma yao, wakakata maji kuelekea matete, ndevu nyeupe juu. Mkubwa mmoja alikuwa na watoto wamemganda ubavuni. Shamba zima liliwaona. Hakuna aliyeniita Mama Mgongo tena, ila waliokusudia kunisifu.

Gichuru alikuwa amepiga magoti kwenye tope na suti yake ya kijivu. Alilipata hata fuvu la yule aliyenaswa, baada ya kugombana na mbwa mmoja aliyekuwa amelificha nyuma ya pampu, na meno ya karoti yalikuwa bado mahali pake. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ngumu chenye uzi. Akaandika, akitamka kila neno ili tusikie. Jina la mnyama. Jike. Bwawa la shamba, Ruiru. Akaandika na mwezi.

“Hakuna mtu amewahi kutuletea moja inaishi huru kwa mto,” akasema. “Hii itakaa Nairobi miaka mingi, hata sisi tukiwa hatupo. Hapa chini naandika jina ya mtu aliyeiona kwanza.” Akaniangalia. “Ngendo wa nani?”

“Andika Ngendo peke yake,” nikasema. “Wengine walikuwa wanacheka.”

Akaandika. Akafunga uzi kwenye ngozi, mafundo mawili, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya fundi wa kushona.

Gathoni alikuwa amesimama juu ya ukingo peke yake. Alishuka polepole, leso sasa iko shingoni, akamwendea mtoto wake pale kwenye tope. Alimtazama kwa muda, viatu vyake, magoti yake, ngozi ya panya mikononi mwake.

“Kuchuna panya, Gichuru?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hiyo maandishi ni yako?”

“Ni yangu.”

Akaishika ile karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliigeuza huku na huku kama mtu anayepima kitambaa cha bei. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu, makali yote, nimeyanoa tangu Alhamisi. Sikupata nafasi ya kuyatumia, kwa sababu Gathoni alirudisha kichwa nyuma, kama alivyofanya siku ile, na akapiga ngemi.

Sauti yake ilivuka bwawa ikapanda kwenye kahawa mpaka kwenye nyumba ya Kihara. Nilihesabu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Wanawake wote walikuwa wakingoja kama atatia ya nne.

Hakutia; jike ni tatu. Akafunga mdomo, akaniwekea mkono begani, na wanawake wakaipokea, wote kwa pamoja, tatu, na nikalia mbele yao bila kusema ni jasho.